Dereva Aruhusiwe Kusimama

Haya ndiyo niliyoyasema mbele ya madereva, matingo, familia zao na baadhi ya wenye magari tulipokutana Mlandizi. Wengi mliokuwa Zambia na Kongo siku ile mmeniomba niyaweke yote. Picha tulizoonesha ukutani nimeziacha.

Asalaam aleikum! Bwana Yesu asifiwe! Madereva hoyee!

Ndugu zangu madereva wa semi na wa matangi, wadogo zangu mliokabidhiwa gari mwaka huu kwa mara ya kwanza, matingo ambao kesho ndio mtashika usukani, dada zangu mliofunga biashara zenu leo mkaja kukaa nasi, watoto wetu, na nyinyi matajiri wetu, wenye magari, mliokubali kuja kutusikiliza: nawashukuru sana.

Nimeombwa nizungumzie kazi ya kuendesha lori katika kampuni zinazopeleka mizigo nchi jirani. Mara nyingi mtu akipewa mada hii anazungumzia kwenda: kuwahi, kufika, kurudi, kupakia tena. Mimi leo nazungumzia kusimama. Dereva aruhusiwe kusimama akiwa na usingizi. Aruhusiwe kusimama gari likiwa bovu. Aruhusiwe kusimama akiona mzigo ambao hauelewi. Na akisimama, asikatwe hela yake. Hilo tu ndilo lililonileta hapa, na nitalirudia mpaka mlichoke.

Lakini kwanza vijana mjue mnapita barabara ya nani.

Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi waliokuwa wakitawala Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, walijitangazia uhuru wao wenyewe. Zambia ilikuwa na mwaka mmoja tu tangu ipate uhuru wa kweli. Haina bahari, na mafuta yake yalikuwa yakipitia huko kusini. Njia ile ikafungwa. Mafuta yakaanza kupelekwa kwa ndege, na yakaanza kupelekwa kwa malori kutoka Dar es Salaam, mapipa kwa mapipa, katika barabara ambayo sehemu kubwa ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Waandishi wa Kizungu waliipa jina la Jehanamu, na hawakutia chumvi. Magari yalitumbukia makorongoni, mengine yalikwama kwenye tope siku nyingi, na wapo waliokwenda wasirudi. Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA, kutoka Dar es Salaam hadi Zambia, likakamilika, lami ikafuata, na mwaka 1976 reli ya TAZARA ikakabidhiwa. Lakini kabla ya bomba na kabla ya reli, kulikuwa na dereva na utingo wake. Nchi jirani haikupigishwa magoti, na madereva wana sehemu yao katika hilo. Je, kuna mtoto anayefundishwa hivyo shuleni? Mimi sijamsikia. Ndiyo maana nawaambieni leo.

Na leo je? Tunapanda na salfa, mbolea, mafuta na mashine. Tunashuka na shaba na kobalti. Wewe kijana unayenirekodi hapo mbele, ndani ya betri ya simu yako huenda mna kobalti iliyovuka Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo, juu ya tela la mtu aliyekaa nyuma yako. Dar es Salaam hadi Tunduma peke yake ni zaidi ya kilomita 900. Ukishavuka mpaka kuingia Nakonde, upande wa Zambia, unayo Isoka, Mpika, Serenje, Mkushi na Kapiri Mposhi, kisha Ndola na Chingola, ndipo uione foleni ya Kasumbalesa. Na ukishaingia Kongo, Kolwezi bado iko mbali. Mtu anayefanya kazi hii si mtu wa kubahatisha, na asitendewe kama mtu wa kubahatisha.

Sasa nirudi kwenye kusimama, na nianze na usingizi.

Nani hapa hajawahi kushtuka kwenye usukani akagundua kwamba hakumbuki kilomita chache alizozipita? Nani? Anyooshe mkono. Sioni mkono.

Sheria yetu inasema gari kubwa lisizidi kilomita 80 kwa saa. Kwa mwendo huo, ambao ni halali kabisa, ambao hata trafiki mwenye tochi atakupungia mkono upite, gari linatembea mita 22 kila sekunde. Ukisinzia sekunde nne tu, umekwenda karibu mita 90 na usukani hauna mtu. Na gari lenyewe, likiwa na ekseli saba na limejaa, linaruhusiwa kufika tani 56. Tani 56, mita 90, hakuna mtu. Na mbele yako kuna nani? Kuna bodaboda. Kuna mama na ndoo ya nyanya pale Ilula. Kuna watoto wa Mlowo wanatoka shule.

Kuanzia saa nane usiku hadi saa kumi na moja alfajiri mwili wa binadamu unataka kulala. Mungu ameuumba hivyo. Mirungi haiondoi usingizi, inauahirisha, na siku utakapokuja unakuja wote kwa pamoja. Vinywaji vya kuongeza nguvu ni hivyo hivyo. Kufungua dirisha, kuweka muziki mkubwa, kujipiga makofi usoni, tumefanya yote, nyote mnajua tumefanya. Dawa ya usingizi ni kulala. Haijapatikana nyingine.

Niwape kisa cha mwenzetu mmoja. Simtaji jina, na bado yumo katika kazi hii. Alikuwa bandarini tangu alfajiri: foleni ya kuingia, kupakia, kufunga turubai, kusubiri karatasi. Jioni akaambiwa aondoke hapo hapo, mteja ana haraka. Akapita Mikumi usiku wa manane, akapanda Kitonga kunakucha. Pale Wenda mizani ilikuwa na foleni. Mbele kidogo akapata pancha ya tela. Jua likazama yuko Mafinga, hajafunga macho tangu jana yake. Mnaijua njia ile inapopita msitu wa Sao Hill, ukungu unavyoshuka kwenye misonobari. Gari likaacha lami, likaingia msituni. Yeye alitoka na michubuko. Utingo wake alivunjika mguu sehemu mbili, kijana wa miaka ishirini na kidogo.

Simu ya kwanza iliyopigwa kutoka ofisini iliuliza nini? Semeni wenyewe. Iliuliza: mzigo umemwagika?

Wako watakaosema dereva yule alikuwa mzembe. Mimi nasema tutazame alivyokuwa analipwa. Posho yake ilikuwa ya safari. Akifika baada ya siku nne, hela ni ile ile. Akifika baada ya siku saba, hela ni ile ile, na zile siku tatu za ziada anakula kutoka mfukoni mwake, yeye na utingo wake. Halafu juu yake kulikuwa na zawadi ya anayewahi kurudi. Mnaona kilichofanyika? Usingizi umewekewa bei, na anayelipa bei hiyo ni dereva. Kila akilala saa sita anajua amepunguza ada ya mtoto. Halafu tunamwita mzembe!

Matajiri wetu, nasema nanyi kwa heshima. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikuandikwa kwa ajili ya watu wa ofisini peke yao. Inasema saa za kawaida za kazi ni 45 kwa wiki. Inasema mfanyakazi asifanye kazi zaidi ya saa 12 kwa siku, hata ukiweka na saa za ziada. Inasema akifanya kazi saa tano mfululizo apumzike dakika 60. Dereva ni mfanyakazi. Mwili wake hauna spea.

Na kuna jambo jingine ambalo halisemwi. Dereva anaweza kutaka kulala, akose pa kulala. Ukiegesha mahali pasipo na mlinzi, unaamka umenyonywa mafuta, au turubai limechanwa, au umeamshwa na panga. Mafuta yakipungua, unakatwa kwenye mshahara. Kwa hiyo mtu anajikokota mpaka Makambako, mpaka Chimala, mpaka mahali anapomjua mlinzi, hata kama macho yamekwisha tangu Mafinga. Kampuni ingeingia makubaliano na maegesho yenye taa, uzio na choo katika vituo vitano au sita vya njia hii, ikalipa yenyewe, dereva asitoe hata shilingi. Gharama yake ni ndogo mno ukiilinganisha na kichwa kimoja cha lori kilicholala msituni. Fanyeni hesabu, matajiri. Nyinyi ni watu wa hesabu.

Simama ukiwa na usingizi. Nimelisema, na nitalisema tena.

Sasa miteremko.

Vijana, nyinyi mmefundishwa vizuri kuliko sisi. Wengine mmepita Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo, wengine VETA, mna leseni za daraja E na vyeti. Lakini kuna tabia imezagaa na lazima niitaje mbele ya wake zenu: kuweka nyutro kwenye mteremko ili kuokoa mafuta. Nataka nilivunje hili leo. Kwa injini hizi za sasa zinazoongozwa na kompyuta, ukitoa mguu kwenye mafuta gari likiwa ndani ya gia, injini inafunga mafuta kabisa, inazungushwa na magurudumu. Ukiweka nyutro, injini inabidi inywe mafuta ili isizime. Umeelewa? Nyutro inakula mafuta zaidi, na juu ya hapo imekunyang'anya breki ya injini. Sasa tani zote zile umezikabidhi breki za magurudumu peke yake. Zinapata moto, zikipata moto hazishiki, na kila ukikanyaga unamaliza upepo kwenye mitungi. Kinachofuata mnakijua.

Na anayerudi na shaba awe makini mara mbili. Shaba ni mzigo mfupi. Tela linaonekana kama halina kitu, bamba zimekaa chini tu, mtu anajisahau, anashuka Kitonga kama aliyetoka kushusha. Ametoka kupakia!

Mzee aliyenifundisha kazi, Mungu amrehemu, alikuwa akifika juu ya mteremko mkubwa anasimama. Kila mara. Anashuka kwenye kichwa, anazunguka gari lote, anapeleka kiganja karibu na kila gurudumu kusikia joto, anatega sikio kama kuna upepo unavuja. Mimi utingo nina haraka, nataka tukale. Siku moja nikamuuliza mbona wenzetu wanatupita. Akasema: "Mlima huu haumjui tajiri wako." Kisha anaingiza gia ile ile ambayo angeitumia kuupanda, na kama mzigo ni mzito anashusha nyingine moja chini yake. Tulishuka polepole, wenzetu wakitupigia honi. Alistaafu akiwa na viungo vyake vyote.

Lakini haitoshi dereva kujua. Kuna mwenzetu mwingine aliishiwa breki kwenye miteremko ya Mbeya. Mbele yake kulikuwa na daladala imejaa na bodaboda wawili. Alipiga honi, akawasha taa zote, akaona hawana pa kwenda, akalilaza gari kwenye ukingo wa mlima upande wa kushoto. Mbavu zilivunjika. Watu wa ile daladala walifika nyumbani. Picha ya gari lake ilizunguka kwenye simu siku nzima, na maneno chini yake yalikuwa: madereva wa malori ni wauaji. Hakuna aliyeandika kwamba breki za lile tela alikuwa ameziandika kwenye kitabu cha gereji kabla ya kuondoka. Aliandika, akasaini. Aliambiwa nini? Nenda safari hii, ukirudi tutatengeneza.

Ukirudi! Nani amekuhakikishia kwamba atarudi?

Ndugu zangu, ukiandika gari bovu, na likiwa bovu la breki, la usukani au la taili, usiondoke. Simama. Na tajiri, dereva akisimama kwa sababu hiyo usimpe gari lake mwingine kama adhabu. Nimeona hilo likifanyika. Dereva anayekataa ananyang'anywa ufunguo, anapewa kijana mwenye njaa ya kazi. Tabia hiyo ikiendelea, katika yadi yenu atabaki nani? Watabaki wasiojua kukataa.

Kuhusu matangi nitasema kidogo tu. Sote tunakumbuka tarehe 10 Agosti 2019, Msamvu, Morogoro. Lori la mafuta lilianguka, watu wakakimbilia mafuta, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Zaidi ya 100. Dereva wa tangi, likianguka na wewe mzima, kazi yako ya kwanza ni kuwafukuza watu, kabla ya kumpigia tajiri, kabla ya kutafuta begi lako. Piga kelele, usiwashe kiberiti, simu usitumie karibu na tangi, tuma utingo upande mmoja na wewe upande wa pili mzuie magari. Na nyinyi familia mnaokaa kando ya barabara, waambieni majirani: ile ndoo ya petroli haina thamani ya mtoto wako.

Sasa nije kwenye mzigo usioujua.

Machi 2020, Tete, Msumbiji. Lori lilikuwa limetoka Malawi limebeba kontena. Maofisa wakasikia kelele ndani. Walipofungua walikuta watu 64 wamekufa kwa kukosa hewa, na 14 wako hai katikati yao. Vijana wa Ethiopia, wanatafuta maisha kusini. Mtasema hayo ni ya Msumbiji. Juni 2012 ilikuwa hapa kwetu, mkoa wa Dodoma: zaidi ya 40, Waethiopia vilevile, ndani ya lori vilevile. Kila mmoja wao alikuwa na mama anayesubiri simu. Mnaijua njia wanayopita. Ni hii hii yetu.

Anayekuja kukushawishi hana pembe. Anakuja mtu mstaarabu, anakununulia chakula, anakuuliza habari za nyumbani, anajua kwamba mshahara umechelewa. Anakutajia hela ambayo wewe hujawahi kuishika kwa mkupuo. "Ni watu wachache tu, mpaka Tunduma." Huyo mkatalie papo hapo, usimwambie utafikiria. Ukimwambia utafikiria, atakusubiri mpaka siku mtoto anaumwa.

Na sili, ile lakiri inayofunga kontena. Kuna dereva aliamka Chalinze, akazunguka gari kama kawaida, akatazama sili ya kontena. Namba haikuwa ile aliyoipiga picha bandarini. Ilifanana sana, tarakimu mbili zimepishana. Angeweza kusema si kitu, akaondoka. Alisimama. Akapiga simu ofisini, akaita polisi, akakaa pale siku mbili huku mteja akifoka. Kontena lilipofunguliwa mbele ya mashahidi, sehemu ya mzigo haikuwemo. Fikirini angefika Tunduma, forodha ndio waione sili ile. Mzigo wa transiti, unaopita tu kwenda nchi nyingine, kodi yake ina dhamana, na aliyekutwa nao ni nani? Ni yeye. Picha moja kwenye simu na uvumilivu wa siku mbili vilimweka nje ya jela. Kila unaposimama, piga picha sili. Kila unapoondoka, piga tena. Utingo naye apige kwa simu yake.

Nimesema kuna kusimama kwa hiari. Kuna na kule kusimama tunakolazimishwa, na hapo ndipo nina uchungu zaidi.

Tarehe 5 Oktoba 2019 Rais Magufuli na Rais Lungu walifungua kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde. Tulipiga vigelegele, na ilikuwa haki yetu, maana ukaguzi wa nchi mbili ulikuja chini ya paa moja. Lakini mtandao ukizima foleni inarudi. Kasumbalesa hata mtandao usipozima. Mtu anakaa kwenye foleni siku baada ya siku, anasogeza gari hatua chache, anazima, anawasha. Anapika kwenye sanduku la tela, anaoga kwa dumu. Usiku anakesha kwa sababu wezi wanajua kwamba foleni haikimbii.

Mei 2020 ndiyo mwezi ambao sitausahau. Zambia ilifunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa baada ya wagonjwa wengi wa korona kugundulika pale. Kenya nayo ikafunga mpaka wake na sisi, wakabakiza malori, dereva akipimwa. Ghafla dereva wa lori, yule anayewaletea watu unga, dawa na mafuta, akawa ndiye ugonjwa wenyewe. Tulipopita vijijini watoto walikimbia wakipiga kelele, "Korona hao!" Nyumba za wageni zilitufungia milango. Hela ya njiani iliisha, na posho haikuongezwa hata kidogo. Nani alitulisha? Mama ntilie mmoja wa Tunduma. Alikuwa na daftari la mistari. Kila anayekula anaandikwa: jina, namba ya gari, alichokula. Alituandika madereva wa nchi nne, wengine lugha hawaelewani naye. Mpaka ulipofunguliwa, watu wakapanda na mizigo yao, na waliporudi kutoka Kongo walisimamisha magari mmoja mmoja kwenda kulipa. Aliniambia mwenyewe kwamba majina aliyobaki hajayafuta yanahesabika kwa vidole.

Mama yule hakuwa mwajiri wetu. Hakuwa na mkataba nasi. Aliona watu wako kazini na wana njaa, basi.

Kwa hiyo nauliza, matajiri: kwenye foleni dereva yuko kazini au yuko likizo? Anaweza kuacha gari aende zake? Anaweza kulala fofofo? Anaweza kunywa pombe? Hawezi. Basi yuko kazini. Siku ya foleni ilipwe. Iandikwe kabisa kwenye karatasi ya safari: siku ya kwanza ya mpaka hadi ya mwisho, kiasi fulani kwa siku, cha dereva na cha utingo. Mteja mnamtoza gari lake likichelewa kushushwa. Mnamtoza kwa siku. Sasa katika hela hiyo, aliyekaa juani anapata ngapi?

Na niongeze la ndugu kwa ndugu, wake zetu mnisamehe. Siku nyingi za foleni, hela mkononi, upweke, pombe ya bei rahisi: mnajua zinampeleka mtu wapi. Tumezika wengi kwa UKIMWI katika kazi hii. Pima. Tumia kinga. Kama umeshaambiwa unao, meza dawa kila siku, beba za safari nzima na za ziada kwa sababu ya mpaka. Wapo madereva hapa wanaomeza, wana afya, wanaendesha mpaka Kolwezi na kurudi. Si aibu.

Nimalizie na karatasi, na hapa nasema zaidi na dada zangu.

Mwezi Aprili 2015 madereva waligoma nchini, na moja ya madai lilikuwa mikataba ya maandishi. Leo nenda yadi yoyote, uliza vijana kumi mikataba yao iko wapi. Wengine watakwambia wanaijua kampuni kwa namba ya simu ya meneja. Wengine walisaini karatasi ikabaki ofisini, hawakupewa nakala. Ile sheria ya 2004 inataka mkataba wa mtu anayefanya kazi nje ya nchi uwe wa maandishi. Wa maandishi! Sisi tunavuka mipaka kila mwezi.

Kuna mama alikuja yadi moja, mumewe amefariki kwa ajali upande wa Zambia. Alikuja na cheti cha ndoa kwenye mfuko wa plastiki na mtoto mgongoni. Akaulizia haki za mume wake. Faili likatafutwa. Hakuna mkataba. NSSF hakuna kilichowasilishwa. Akaambiwa mumewe alikuwa kibarua wa safari. Kibarua wa safari! Mtu ambaye amevaa fulana ya kampuni miaka, jina lake liko kwenye kila karatasi ya forodha ya lile gari, anavukishwa mipaka mitatu na mali ya mamilioni, siku ya kufa anakuwa kibarua. Walichanga madereva wenzake wakamzika. Kampuni ilitoa gari la kubeba jeneza.

Mimi nilikuwa kwenye mazishi yale na nilishindwa kumtazama yule mama usoni, kwa sababu nilijua kwamba sote tuliokuwa pale tumeacha wake zetu katika hali hiyo hiyo.

Nchi hii ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Umewekwa kwa sheria ya mwaka 2008, na kazi yake ni kumlipa mfanyakazi aliyeumia au kuugua kutokana na kazi, na akifa kuwalipa anaowaacha. Mchango unatoka kwa mwajiri, mfanyakazi hakatwi. Yule utingo aliyevunjika mguu msituni alikuwa na haki huko. Yule dereva wa mbavu pia. Lakini mfuko utamjuaje mtu ambaye kwenye vitabu hayupo?

Dada zangu, leo usiku kabla mume hajalala mwombeni vitu vinne: nakala ya mkataba, namba yake ya NSSF, picha ya leseni yake na namba ya gari analoendesha. Viwekeni kwenye simu zenu na kwa ndugu mmoja mnayemwamini. Akikwambia ofisi haijampa mkataba, usimgombeze, mwambie aende na wenzake watano waombe kwa pamoja. Mmoja ni rahisi kufukuzwa. Na wakati yuko barabarani, mpigie saa mlizokubaliana. Kama mtoto anaumwa, mtumie ujumbe asimame kwanza ndipo mzungumze.

Wenye magari waliofika leo, nimefurahi kwamba wawili wenu mmeniahidi kabla sijapanda hapa kwamba karatasi ya safari ya mwezi ujao itakuwa na mstari wa siku za foleni. Nimewasikia, na madereva wenu sasa wamesikia. Wengine tunawasubiri.

Pale chini ya mwembe wamekaa mawakili wawili waliojitolea, watakuwepo mpaka saa kumi. Mwenye mkataba auchukue waupitie. Asiye na mkataba aende hivyo hivyo alivyo, na namba ya gari lake. Mnaoondoka usiku wa leo kwenda kupakia nendeni kwanza, wengine watawapisha.